Email ya Ukoo

Huku kwetu mtu akinunua simu hafungui email, anafunguliwa. Anasimama mbele ya duka, anamkabidhi fundi simu ikiwa bado na nailoni yake, na fundi anaminyaminya anavyojua mwenyewe. Baadaye anarudishiwa na kuambiwa, "Tayari, kila kitu kipo." Nani atauliza kila kitu ni kipi? Neno la siri anabaki nalo fundi, mteja anaondoka na furaha yake. Hivyo ndivyo Recho Masatu alivyofunguliwa email na Muharami, fundi simu wa Bunda mjini, mwaka aliomaliza chuo cha ualimu, na aliishi nayo kwa amani mpaka siku alipoihitaji.

Recho alikuwa mwalimu wa kujitolea Butiama. Kujitolea ni neno tamu mdomoni. Maana yake unafundisha hisabati madarasa mawili, unasimamia usafi wa vyoo, unasahihisha madaftari mpaka macho yanauma, na mwisho wa mwezi wenzako wanapoanza hadithi za mshahara wewe unajifanya unamtafuta mwanafunzi nje. Aliyekuwa anamlipia chumba ni mama yake, Adventina, mjane anayeanika dagaa ziwani, kijiji kimoja karibu na Kisorya. Mwanamke mzima, ana diploma, analishwa kwa dagaa za mama yake. Jambo hilo lilimkaa Recho kooni kila alipotia tonge mdomoni.

Kwa hiyo simu ilipoita Jumatano, saa ya chai, alitoka nayo ofisini mbio. Ilikuwa shule moja ya binafsi ya Musoma, alikofanya usaili mwezi uliopita.

"Mwalimu Recho, kwani kazi huitaki?" aliuliza mwanamke wa huko. "Tunakuandikia email, kimya."

"Naitaka dada, naitaka sana. Sijaona email yoyote."

"Umechaguliwa. Tuma vyeti vyote kwa email ile ile uliyoombea, mfumo wetu unatambua hiyo tu. Mwisho Ijumaa saa saba mchana. Tusipoviona tunamwita wa pili wako."

Recho alirudi ofisini kwa furaha. Alipiga picha vyeti vyake, mwalimu mwenzake Eliasi akamsaidia kuviunganisha viwe faili moja, akaandika salamu za heshima, akabonyeza kutuma. Barua ikaenda mahali fulani, ikakaa. Musoma haikufika. Ilikuwa humo humo ndani ya simu, kwenye kile chumba cha barua zinazosubiri kutoka, na chini yake maandishi madogo ya kijivu yanasema ipo foleni. Foleni na nani? Barua ilikuwa moja.

"Hiyo ni mtandao tu," alisema Eliasi, ambaye alikuwa na dawa ya kila simu na hakuna simu iliyowahi kupona. "Mtandao wa hapa unasumbuaga sana mchana. Weka hali ya ndege, toa. Zima, washa."

Aliweka hali ya ndege, akatoa. Alizima, akawasha. Alibadilisha laini. Alinunua bando jipya, maana labda la zamani lilikuwa limechoka. Jioni alipanda pikipiki mpaka Kiabakari, barabarani, kwenye mnara mkubwa, akasimama kando ya wauza viazi na mkono juu, watu wakimtazama. Barua ilikuwa bado ipo foleni.

Juu kabisa ya kioo kulikuwa na mstari mwekundu ambao Recho alikuwa akiufukuza kwa kidole kwa miezi mingi. Ulikuwa unasema nafasi imejaa. Yeye aliuona kama yale matangazo yanayotaka watu wanunue kitu wasichokihitaji. Simu yenyewe alikuwa ameshaifutia nyimbo na picha za kijinga, ina nafasi tele. Akaufukuza tena.

Alhamisi aliomba ruhusa, akatia vyeti halisi kwenye bahasha, akaenda navyo Musoma kwa miguu yake na nauli yake. Getini walimruhusu. Mapokezi alimkuta yule yule wa kwenye simu, aliitambua sauti.

"Nimevileta mwenyewe dada," Recho alisema, akiweka bahasha mezani kwa mikono miwili.

"Pole na safari. Ila hatupokei karatasi."

"Lakini hivi ndivyo vyeti vyenyewe. Vya kwenye email si ni picha ya hivi?"

"Nakuelewa mwalimu. Ila hatupokei karatasi." Akaisukuma bahasha irudi upande wa Recho, taratibu kabisa, akamtakia siku njema. Recho alitamani amtukane, akakumbuka kwamba huyu huenda wiki ijayo akawa mfanyakazi mwenzake, akameza tusi lake na kumshukuru. Kumshukuru ndiko kulikomuuma zaidi.

Akaingia kwenye duka moja la stesheni, la kuchapa na kutoa fotokopi, karibu na soko, akamweleza kijana wa kwenye kompyuta shida yake. Kijana akafungua ukurasa, akamgeuzia.

"Andika neno la siri."

"Analo fundi wangu. Yuko Bunda."

Kijana alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye kibodi. Waliokuwa wanasubiri kutoa fotokopi nao wakacheka, japo Recho angeapa kwamba nusu yao nao neno lao la siri analo fundi. Alitoka nje akampigia Muharami.

"Haiko kichwani mwalimu wangu," Muharami alisema. "Imo kwenye simu yangu ya dukani, na mimi leo niko Mwanza kufuata mzigo. Njoo kesho asubuhi Bunda. Usihofu, hilo tatizo ni dogo."

Asubuhi ya Muharami ilikuwa karibu saa sita. Recho alimngoja nje ya duka lililofungwa, amekalia ndoo ya muuza maandazi wa jirani, akiangalia saa kila baada ya kupumua. Akilini alikuwa ameshamwona huyo wa pili wake. Alimwona amevaa vizuri, ana email inayofanya kazi, anajua neno lake la siri. Alimchukia mtu ambaye hajawahi kumtia machoni.

Muharami alikuja amevaa kanzu nyeupe na kofia, tayari kwa swala ya Ijumaa, akafungua nusu ya mlango tu. Alikuwa mtu mwema, na Bunda nzima ingekuambia hivyo. Hakuwahi kumrudisha mteja kwa kusema hajui. Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake, lakini siku hiyo Recho alikuwa bado haijui.

Alichukua simu, akaingia ndani ndani ambako Recho hakuwahi kufika, akapiga mluzi.

"Hii imejaa pomoni. Siyo simu, ni email yenyewe. Ikijaa haitoi wala haiingizi. Mko wengi mno humu."

"Wengi akina nani?"

"Si ukoo wenu. Wewe, mama yako, shangazi yule wa kwaya, binamu zako wale wa Nansimo, na marehemu Gody. Mlikuwaga mnakuja mmoja mmoja, kila mtu anasahau password, kesho yake ananisumbua. Nikasema hawa ni watu wa nyumba moja, niwaweke kwenye email moja, waishi kwa raha." Alisema hivyo kwa uso wa mtu anayengoja asante.

Akamwonyesha. Kila picha aliyopiga yeyote wa ukoo wa Masatu ilikuwa imejipeleka humo bila mwenyewe kujua. Kulikuwa na mbuzi wa binamu, kwaya ya shangazi, risiti, watoto wa watu asiowajua, mguu wa mtu wenye kidonda, tena kutoka pande tatu. Recho alipitisha kidole, picha zikashuka, zikashuka, hazikuisha.

"Si ninunue hiyo nafasi?"

"Wanataka kadi ya benki yenye kitu ndani. Unayo?"

Hakuwa nayo. Muharami aliangalia barabarani, watu walikuwa wameshaanza kuelekea msikitini. "Kufuta mbuzi mmoja mmoja utamaliza keshokutwa. Tufute vizito." Akaminya mahali, vitu vikajipanga kuanzia vinavyokula nafasi zaidi. Juu kabisa ikajaa video, na zote zilikuwa za Gody.

Gody alikuwa mdogo wake Recho, kitinda mimba. Alikuwa anachimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa Buhemba, na kule ndiko kifusi kilikomfunika mwaka juzi. Mwili ulipatikana, simu haikupatikana. Alikuwa na tabia ya kujirekodi kwa ajili ya mama: Gody anasonga ugali, Gody anaimba vibaya makusudi, Gody ana vumbi mpaka kwenye kope anamwambia mama asiwe na wasiwasi. Baada ya msiba Muharami ndiye aliyefanya ule muujiza. Aliichukua simu ndogo ya Adventina, akaiminyaminya, na mara Gody akatokea akicheka. Adventina alimbusu fundi mikono mbele ya watu. Tangu hapo, kila jioni akimaliza kukusanya dagaa, alikaa na mwanawe.

Recho alizitazama zile video zilivyojipanga, kila moja na uso mdogo wa mdogo wake, akakiondoa kidole kwenye kioo.

"Hizi mama anaziangaliaga," alisema. "Nikizifuta hapa, kwake zitabaki?"

Muharami alikuwa ameshashika kufuli. "Simu hii ni ya nani?"

"Ya kwangu."

"Na ile?"

"Ya mama."

"Basi. Wewe unafuta za kwako, za mama ziko kwa mama. Fanya haraka mwalimu, watu wameshaadhiniwa."

Lilikuwa jibu lenye akili. Kila mtu angelikubali. Recho alilikubali kwa sababu lilikuwa na akili, na kwa sababu alilitaka, na kwa sababu saa ilikuwa inakwenda na ile bahasha ya vyeti ilikuwa imeshaanza kulowa jasho kwapani. Angeweza kufuta moja tu, kisha ampigie mama yake amwambie tazama, je, bado ipo? Ingechukua dakika chache. Alifikiria hivyo baadaye, tena mara nyingi. Pale dukani hakufikiria.

Alizichagua zote, akafuta. Barua haikutoka.

"Ziko bado kwenye takataka," Muharami alisema akichungulia begani kwake. "Takataka nayo inakula nafasi. Imwage." Simu ikauliza kama ana uhakika, kwamba zikitoka hapo hazirudi. Ni swali ambalo simu huuliza kwa kila kitu, na watu hulijibu bila kulisoma. Recho alibonyeza ndiyo.

Mstari mwekundu ukatoweka. Yale maandishi ya kijivu yakabadilika mbele ya macho yake, na barua iliyogoma siku tatu ikatoka kama maji. Recho alipiga kelele barabarani. Alimshika Muharami mkono kwa mikono yake miwili, Muharami akacheka, akafunga duka, akakimbilia swala yake. Kabla ya saa saba mchana jibu lilikuwa limeshaingia: Tumepokea. Karibu kazini, Jumatatu ijayo.

Jumapili alikwenda kwa mama yake. Alinunua sukari, mafuta na kitenge, akitanguliza mshahara ambao bado haujaingia. Njia nzima alikuwa anapanga namna ya kulisema: mama, sasa basi, usinitumie tena, sasa zamu yangu. Alilisema uani, kati ya neti za dagaa, na Adventina alirusha ungo akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Alimkumbatia, akamshukuru Mungu kwa majina yake yote. Kuku akakamatwa. Recho alijisikia mtu kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Walipomaliza kula, Adventina alifuta mikono, akafungua fundo la khanga, akatoa simu.

"Nashukuru umekuja. Gody hafunguki tangu Ijumaa."

Recho alianza kukusanya sahani.

"Jioni niliweka bando kama siku zote, nikafungua, nakuta mbuzi, nakuta kwaya ya wifi yangu. Yeye hayupo. Nikasema bando ni dogo, nikaweka kubwa. Jana nikaweka tena." Alimpa simu, uso hauna hata chembe ya shaka. "Wewe ndiyo mwalimu. Nitafutie."

Bando. Neno hilo lilimpiga Recho hapo hapo alipokaa. Mama yake alikuwa anaweka bando kila jioni ili amwone Gody, na yeye, mwalimu wa hisabati, hakuwahi kujiuliza kitu kilichomo ndani ya simu kinahitaji bando la nini. Gody hakuwahi kuwa ndani ya simu ya mama. Alikuwa kwenye ile email moja ya ukoo, sehemu moja tu, na wote walikuwa wanamchungulia kutoka madirisha tofauti.

Alitafuta hata hivyo. Alipitisha kidole kwa sababu mama alikuwa anamwangalia. Alifungua mahali pa takataka, pakawa peupe. Alisema anakwenda kutafuta mtandao kwenye mwinuko, akafika nyuma ya choo, akampigia Muharami.

"Zilizomwagwa hazirudi mwalimu," Muharami alisema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Tena ulibonyeza mwenyewe."

Recho alitaka kumtukana na hakupata tusi la kutosha. Kila alilolifikiria lilimrudia yeye. Alisimama pale nyuma ya choo akimlaani fundi, akailaani ile shule ya Musoma isiyopokea karatasi, akajilaani yeye na haraka yake na furaha yake ya barabarani. Machozi yalimtoka mengi, ya hasira. Kisha akajifuta kwa upindo wa gauni na kurudi uani, akiwa ameamua kusema kweli. Alikuwa ameamua kabisa.

Adventina alikuwa amemsogezea kiti.

"Nikuambie ambayo ukianza kuipata uanze nayo," alisema kabla Recho hajafungua mdomo. "Kuna moja haonekani. Alisahau kuzima, simu ikawa mfukoni. Ni giza tu, unasikia anatembea. Anatembea, anakohoa, anasalimia watu, anatembea. Ndefu hiyo, inafika mpaka dagaa ninazofunga zinaisha. Hiyo ndiyo ninailaliaga. Hizo zingine hata zikichelewa."

Recho alimtazama mama yake, akaitazama ile mikono yenye magamba iliyomlisha, akaogopa. Hakuogopa kupigwa wala kulaaniwa. Aliogopa ule uso utakavyokuwa baada ya sentensi moja tu.

"Ni mtandao mama," alisema.

"Eeh, si nilisema!"

"Mtandao wa huku unasumbuaga. Watarekebisha."

"Watarekebisha lini?"

"Hawajasema."

"Mimi nitangoja," alisema Adventina, akaichukua simu yake, akaifunga tena kwenye fundo la khanga. "Ila bando linanimaliza mwanangu. Sasa una kazi. Ukipata mshahara, usinitumie sukari wala nini. Uwe unaniwekea bando, hata akifunguka ghafla anikute nipo."

Recho alianza kazi Musoma Jumatatu iliyofuata. Wenzake wanamsifu kwamba hachelewi na hasahau kitu. Mshahara ukiingia, kabla hajalipa kodi wala kununua unga, anamwekea mama yake bando la mwezi mzima, kubwa kuliko yote yaliyopo. Na kila mwezi, muda si mrefu, Adventina anapiga.

"Limeingia, asante mwanangu. Bado hajafunguka, ila limeingia."